Kivuli Chini ya Jicho la Kushoto

Masizi yana harufu yake. Watu wengi hudhani ni harufu ya moshi, lakini moshi hupita, masizi ndiyo yanayobaki, na ukiyakwangua chunguni kwa kisu ukayalainisha kwa maji yanatoa harufu ya ubaridi, ya sakafu ya udongo iliyonyunyiziwa maji asubuhi. Mwezi uliopita niliisikia tena, Basotu, chumbani kwa shangazi yangu Fabiola, siku chache baada ya kumzika. Nilikuwa nimeinamia sanduku lake la bati, natoa vitenge kimoja kimoja ili wanawake wa ukoo wagawane, nikakuta kopo la majani ya chai lililofungwa mdomo kwa kitambaa. Nilipolifungua nilikaa chini. Wanawake waliokuwa wakifagia uani walidhani nimeanza kulia upya wakaniacha peke yangu, na wala hawakukosea sana.

Nilikuwa nimerudi Maretadu, niko darasa la pili, nimechuchumaa mlangoni mwa nyumba yetu na kalamu ya kuchovya mkononi, na mama yangu ametoka kufa.

Mama yangu, Regina, aliondoka nyumbani amelala kwenye machela. Uchungu ulimjia kabla ya wakati, msimu ule wa baridi ambao kule kwetu ukungu haunyanyuki mpaka jua liwe juu kabisa, na wanaume wa jirani walimbeba kwenda barabarani kusubiri lori. Walikuwa wamemfunika shuka mpaka kichwani. Nilikimbia nyuma yao hadi kijitoni nikimwita, na nilichoona ni fundo la kilemba chake tu, lililochungulia nje ya shuka. Sijui kama alinisikia. Siku aliporudishwa, mimi nilikuwa nimepelekwa kwa jirani upande wa pili wa bonde, nikapewa mahindi ya kuchemsha, nikaambiwa nicheze. Niliporudi kulikuwa na udongo mbichi nyuma ya zizi na nikakatazwa kwenda huko. Hakuna aliyenikalisha chini akaniambia kitu chenye maana. Walisema mama amepumzika, na mimi nilijua mtu akipumzika anakuwa ndani.

Wa rika langu mliokulia huko juu Mbulu mtaikumbuka meta, ule mwiko wa nyumba yenye msiba kutengwa, hata kama kwenu ilikuwa imeshaanza kufifia. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, lakini yapo mambo ambayo hakumwachia padri. Mwanamke akifa na mimba, nyumba yake inajitenga. Ng'ombe wetu walichungwa peke yao, upande ambao wa jirani hawapiti. Maji tulichota chini kabisa ya kijito, baada ya wengine wote. Hakuna aliyekuja kuomba moto kwetu wala sisi hatukwenda kuomba kwa mtu. Katekista alifika kumweleza bibi kwamba haya ni mambo ya zamani, na Mungu hana shida na maji ya kijito. Bibi alimsikiliza kwa heshima zote, akamwekea kigoda, akamletea chai. Katekista alizungumza akiwa amesimama, na chai ile ilipoa pale pale mpaka bibi akaimwaga.

Sisi watoto tulikuwa tumefundishwa kwa fimbo kwamba mkubwa hapiti bila shikamoo. Basi nilikuwa nasimama kwenye uzio wa minyaa, nawapigia kelele shikamoo wale mama waliokuwa wakitoka sokoni, na wao waliitikia marahaba huku wakihama njia na kupita kwenye majani. Rafiki yangu Paulina, tuliyekuwa tukicheza naye kila siku, alisimama mbali akanipungia mkono mara moja, mama yake akamvuta. Nilifikiri tunanuka. Nilijinusa mikono, nikajinusa kwapa, nikamnusa hata mbuzi wetu.

Halafu nikapata maelezo yangu mwenyewe, na yalikuwa mazuri kuliko ya watu wazima. Bibi alikuwa amesema kwamba mpaka siku ya kutoka, nyumba hii bado ina mtu wake, na siku hiyo ndiyo tutakayomwachia aende. Alikuwa akiongea na baba, wala si na mimi. Mimi nilikielewa kile nilichokisikia. Nyumba yetu ilikuwa tembe, ya fito na udongo, imezama nusu kwenye mteremko, paa lake tambarare la udongo, na ndani mwanga haukuwa na pa kuingilia ila mlango. Kule mwisho, alikokuwa akilala mama, kulikuwa na giza mchana na usiku. Nikajua mama yuko kule. Watu hawaji kwa sababu mama yuko kule na anapumzika. Asubuhi nilikuwa nasimama kwenye mpaka wa mwanga, hapo sakafu inapoanza kutoonekana, namsalimia, halafu natoka zangu.

Siku moja nilimsalimia, na nilipotaka kumfikiria alivyo, uso haukuja.

Nilijaribu tena. Nilipata mgongo wake. Nilipata sweta la kijani lililochanika begani, kisogo, fundo la kilemba, visigino vilivyopasuka vikitangulia kwenye njia ya shambani na mimi nyuma nikiruka umande. Vyote hivyo nilikuwa navyo. Kila nilipotaka ageuke, hakugeuka. Woga ulionishika siku ile naujua hadi leo. Picha hatukuwa nayo. Picha moja tu aliwahi kupigwa, kwao Dirma, siku ya kipaimara cha mdogo wake, na dakika ile ile mpiga picha alipobonyeza yeye alikuwa amegeuka kumfukuza kuku. Nilishaiona. Ni kilemba na shavu lililokimbia.

Sasa shangazi Fabiola. Alikuwa mdogo wake baba, mwalimu wa shule ya msingi huko Basotu, mwembamba, mkali, hajaolewa, na hakuwa na haya ya kusema hivyo. Alikuja kuzika akiwa na mkoba wa nguo mbili, akala ugali uliopikwa kwenye moto wetu kabla hajafikiri, na bibi akamwambia basi, na wewe umo. Shangazi alifura. Alisema ana wanafunzi, ana zana za kuandaa, yeye ni mtumishi wa serikali. Bibi alimwambia serikali haijafiwa. Wakati ule shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo shangazi alibaki, lakini alibaki kama mtu aliyefungiwa, anazunguka uani na kung'oa majani yasiyo na kosa.

Jikoni hakusaidia. Moshi ulimchoma macho, na kuinama mekoni hakukuweza, kwa hiyo bibi alipika na shangazi alikaa mlangoni penye mwanga na karatasi zake za manila. Alikuwa akichora tumbo la ng'ombe, vyumba vyote vinne, kwa ajili ya darasa la sita. Alikuwa na chupa ndogo ya wino mweusi, mpini wa mti wenye nibu, kitambaa, na nusu ya wembe ya kukwangua palipokosewa. Nilisimama nyuma yake siku nzima. Mwisho aliniuliza, bila kugeuka, kama nimeajiriwa kumzibia mwanga.

Nikamuuliza kama anaweza kuchora mtu.

Alisema anaweza. Nikamuuliza kama anaweza kumchora mama. Hapo ndipo alipogeuka. Aliniambia ukweli, na mpaka leo namshukuru kwa hilo, maana wengine wote walikuwa wakinipaka asali. Alisema yeye aliishi Basotu, alimwona wifi yake mara chache, sherehe na misiba tu, na mtu huwezi kumchora kwa kumsikia. Anayeweza kumchora ni aliyemwona. Alinikatia kipande cha manila pembeni mwa tumbo la ng'ombe, akanipa kalamu, akaniambia nipige mstari.

Nikapiga. Ulitetemeka, ukavuja mwishoni ukawa doa. Akasema tena. Siku zile za kwanza nilipiga mistari tu, ya kulala na ya kusimama, mpaka vidole vikawa vyeusi hadi kwenye mizizi ya kucha na bibi akanikataza kushika unga. Shangazi alikuwa anasimama juu yangu. Alinifundisha kwamba mstari una mwanzo na mwisho na mkono lazima ujue unakwenda wapi kabla ya nibu kugusa karatasi. Ukibonyeza, nibu inafunguka na mstari unanenepa. Ukiachia, unakonda. Upande uliolaliwa na mwanga mstari ukonde, upande wa giza unenepe. Kwa hilo tu nilichora shina la mhindi, na lilikuwa la duara. Nilishtuka. Nilizungusha karatasi kuangalia kama kuna kitu nyuma yake.

Baada ya mistari alinifundisha namna ya kuonyesha kitu kilivyo ukikishika. Hakuwa na neno la kitabuni la jambo hilo, au hakutaka kunichosha nalo. Alinifumba macho kwa kanga, akanipa vitu mkononi. Bunzi la mahindi. Kibuyu. Jiwe la kusagia. Sikio la ndama, ambalo tulilifuata zizini mimi nikiwa nimefungwa macho na ndama akidhani tumechanganyikiwa. Halafu alinifungua na kuniambia nichore kile vidole vyangu vilichoambiwa. Bunzi likawa nukta na vijishimo. Jiwe likawa mikwaruzo mifupi isiyofuatana. Kwenye kibuyu nilichora kidogo sana, maana vidole havikuwa vimekutana na kitu. Alipenda hilo. Shangazi hakusifia, alikuwa anaguna tu kooni, na nilijifunza kuusubiri ule mguno.

Kivuli kilinishinda muda mrefu. Mimi nilikuwa nakipaka. Nilijaza wino mahali penye giza, na kila kitu nilichochora kilionekana kama kimeungua. Shangazi alinipeleka ndani, hadi pale kwenye mpaka wangu wa asubuhi, ambao hakuujua, akaniambia niangalie sakafu. Nionyeshe, akasema, mahali ambapo giza linaanza. Nikaangalia, na sikupaona. Lilikuwa linaanza kila mahali. Akasema ndiyo hivyo, giza halipakwi, linajengwa, mstari juu ya mstari, na kila mara unasimama na kuuliza kama limetosha. Mistari ya upande mmoja, halafu ya kuikatiza, halafu mingine ya kukatiza ile. Na pale mwanga ulipo, usiguse, karatasi yenyewe inajua kuwa nyeupe. Aliniambia kitu kingine pia, ambacho alikuwa akikirudia mpaka nikakichukia.

"Chora unachokiona. Usichore unachokijua."

Nilianza kumchora mama, mgongo kwanza. Sweta lile nililichora kwa vijistari vya kusokotana, na pale begani palipochanika nilipajua uzi kwa uzi. Visigino nilivichora mpaka nikalia. Shangazi aliangalia michoro ile akaguna vizuri, mara nyingi kuliko kawaida, halafu akaniuliza uso uko wapi. Nikamwambia uso bado.

Wino uliisha. Duka lilikuwepo, lakini sisi tulikuwa watu wa meta, na muuza duka alikuwa mtu wa kumwogopa bibi. Shangazi aliwaza, halafu akachukua kisu na kwenda mekoni. Chungu cha kupikia ugali kilikuwa cha mama, alikuja nacho kutoka kwao alipoolewa, na mgongoni kilikuwa na masizi ya miaka yote ya ndoa yake. Shangazi aliyakwangua kwenye kopo la majani ya chai. Mimi nilitumwa kuchuma utomvu wa mgunga, ule unaoganda kwenye gome, tukauloweka ukawa uji mzito, tukachanganya. Wino ule ulikuwa mweusi kuliko wa chupa. Ulikuwa unakauka polepole na ukiugusa mapema unahama, lazima uvumilie. Bibi alituona, akakaza midomo.

Wakati huo huo maharage yalikuwa yanakauka. Bibi alikuwa ametangaza kwamba tukishamaliza kuyapura, tutatoka. Lundo lilikuwa limefika kiunoni kwangu, na kila jioni baba aliporudi kuchunga ng'ombe peke yake huko alikokuwa akienda, alichukua fimbo akayapiga maganda kwa hasira ambayo wakati ule niliidhani ni bidii. Lundo likashuka. Niliona kwamba mama ataondoka na sijaupata uso. Nilianza kuchukua konzi za maharage yaliyopurwa na kuyarudisha chini ya maganda. Shangazi aliniona nikifanya hivyo. Aliuliza kwa nini, nikamwambia yote, kwamba mama yuko kule ndani gizani, kwamba siku ya kutoka tutamwacha aende, na kwamba nimemsahau uso, na akitoka mlangoni nisipoujua nitamjuaje tukikutana.

Shangazi alikaa chini kwenye maganda. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili akakibana kama anapima tikiti. Halafu akaniambia niende nikanawe mikono, nilete karatasi.

Alikaa mlangoni na ungo wa maharage mapajani, mwanga ukimpiga upande mmoja. Aliniambia kwamba uso wa mtu hauji kwa kuitwa. Uso ni mifupa, na mifupa ya watu inafanana, kwa hiyo nimwangalie yeye, nijenge shimo la jicho na daraja la pua kutoka kwake, na nikifika mahali ambapo mkono unasema hapana, si hivi, niufuate mkono. Nilichora. Nilikuwa nachora na kuangalia, naangalia na kuchora, mpaka kivuli cha mlango kikahama na yeye akahama nacho. Sikumbuki nilichofikiri. Nakumbuka ulimi wangu ulikuwa nje na kwamba mbuzi alikuja kula pembe ya manila nikampiga kiwiko.

Nilipomaliza, shangazi aliweka ungo chini akaja kuangalia. Aliangalia kama mwalimu. Akasema paji la uso limekaa, mdomo umebana kidogo, kivuli cha shingo kizuri. Kisha akaweka kidole chini ya jicho la kushoto. Nilikuwa nimeweka pale vijistari vichache vilivyokatizana, vimesimama mshazari kutoka kona ya jicho kwenda shavuni.

"Hiki kivuli hakikai hapa," akasema. "Mwanga unatoka huku. Hapa ni peupe."

Nikamwambia ndipo kilipo.

Aliuliza nimekiona kwake? Nikamwangalia. Kwake hakikuwepo. Nikamwambia sijui, lakini ndipo kilipo. Alichukua ule wembe wake, akaweka karatasi gotini, akainama kukwangua. Nilijua kwamba amekasirika kwa sababu sikuchora ninachokiona. Wembe uligusa karatasi ukasimama. Alikaa hivyo, ameinama, muda ambao ulinitisha, halafu akaufunga wembe kwenye kitambaa na kuniambia niuache wino ukauke.

Bibi ndiye aliyefuata. Alitoka jikoni akijifuta mikono, akaiona karatasi imeegemezwa ukutani, akasimama. Alikuwa mwanamke ambaye uso wake haukuonyesha kitu, lakini nilimwona akivuta pumzi. Aliuliza huyo ni nani. Mimi nilifungua mdomo kusema mama. Shangazi aliniwahi.

"Ni mimi huyo, mama. Nimemkalia mtoto ajifunze."

Bibi aliangalia karatasi, akamwangalia binti yake, akaangalia karatasi tena. Akasema kweli, ni Fabiola, hata ukali wake umo. Akarudi jikoni.

Naomba mnielewe jambo hili lilivyoniingia. Mimi nilikuwa mtoto, na watu wazima wawili, mmoja wao mwalimu, walikuwa wamesema waziwazi nimechora nani. Nilikuwa nimemwangalia shangazi kutwa nzima, na shangazi ndiye aliyetoka kwenye kalamu. Nilichokuwa nikikitafuta nilikifunika mwenyewe, mstari juu ya mstari. Niliitazama ile karatasi na kweli nikamwona shangazi, pua yake, kidevu chake, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Nilikwenda kulala kwenye maganda ya maharage. Sikulia. Shangazi aliniita nikale, sikumwitikia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumnyamazia mkubwa.

Tulitoka wiki hiyo. Tulinyolewa, tukaoga kijitoni, moto wa zamani ukamwagiwa maji. Vitu vya mama vilitolewa nje, vile alivyovivaa na alivyovilalia, na bibi akavichoma nyuma ya zizi. Sweta la kijani lilichomwa. Chungu kilivunjwa. Michoro yangu ya mgongo nayo aliikusanya, kwa mkono wake, bila ubaya, akaiweka juu ya sweta, maana ilikuwa ya marehemu na nyumba lazima ibaki safi. Nilisimama pale na kichwa changu kilichonyolewa, upepo unauma, nikisubiri kumwona mama akitoka mlangoni. Nilisubiri mpaka moto ukaisha. Paulina alikuja kucheza siku ile ile. Shangazi aliondoka na lori la ngano kurudi Basotu, mkoba wake begani na manila zake zimezungushwa kwapani, na mimi sikwenda kumsindikiza.

Maisha yalikwenda yanavyokwenda. Mkono wa kuchora haukuniacha. Nimeishia mjini, nachora ramani za nyumba za watu, na wateja husema mistari yangu ni misafi. Katika ramani ya nyumba hakuna mtu. Shangazi alikuwa akinijia kwenye misiba na harusi za ukoo, nywele zimeanza mvi, ukali ule ule, na kila mara aliniuliza kama bado sichori nyuso. Nilimjibu kwa adabu kwamba nina kazi nyingi. Aliniambia siku nikifika Basotu nipitie kwake kuna karatasi yangu. Nilidhani ananiwekea manila. Nilifika Basotu nyuma ya jeneza lake.

Basi siku ile chumbani, chini ya lile kopo, kulikuwa na karatasi iliyofungwa kwenye kanga. Tumbo la ng'ombe pembeni, nusu yake, limefifia limekuwa rangi ya chai, kwa kuwa ule ulikuwa wino wa chupa. Uso haukuwa umefifia. Masizi hayafifii. Ulikuwa mweusi kama tulivyouacha, na chini ya jicho la kushoto vile vijistari vyangu, na juu yake alama nyembamba ya wembe ulioanza ukaacha. Nilifikiri nimeupata uso wa shangazi, na nililia kwa ajili yake, maana nilikuwa nimemnunia maisha yangu yote kwa kuwa na uso pale nilipomtafuta mama.

Baba aliingia akiegemea fimbo. Amezeeka, macho yake ya mbali yamekwisha, ya karibu yanafanya kazi. Aliuliza nimeona nini. Nikampa karatasi nikamwambia ni shangazi, nilimchora nikiwa mtoto, wakati ule wewe ukiwa unachunga mbali.

Aliisogeza dirishani. Fimbo ilianguka na hakuiokota.

"Huyu ni Regina," akasema.

Nikamwambia hapana, baba, ni shangazi, bibi mwenyewe alisema. Hakunisikiliza. Aliweka kidole chini ya jicho la kushoto, karibu sana na wino bila kuugusa. Akasema, hapa, kila akipuliza moto moshi ulimtoa chozi jicho hili, akajifuta kwa kidole gumba chenye masizi. Kila siku. Yeye alikuwa akimwambia, Regina, una masizi usoni, naye anamjibu niache, nitanawa jioni.

Halafu akaniuliza ilikuwaje bibi hakuichoma.

Nilimweleza alichosema Fabiola. Baba alitikisa kichwa, akakaa kitandani kwa dada yake, na nikaona anamlilia upya, safari hii kwa jambo ambalo hakuwa amelijua. Mimi nilibaki nimesimama. Nilimwona shangazi ameinama na wembe, amesimama pale pale kwenye karatasi, yeye ambaye hakuwahi kupuliza moto ule. Miaka yote hiyo alikuwa na kitu changu sandukuni, na mimi nina kazi nyingi.

Baba aliponirudishia karatasi nilikaa karibu naye, penye mwanga. Mkono wangu ulikuwa umemjua, ulimjua hadi kwenye masizi. Niliuangalia mdomo uliobana kidogo, paji la uso, kile kivuli kisichokaa mahali pake. Nilimwangalia mama yangu usoni kwa muda mrefu. Sikumkumbuka.